Shangazi Kasema Inama

Njia ya kushuka kwao Nyakabanda haipitiki na gari, na hata pikipiki ikifika pale dereva humwomba abiria ashuke kwanza. Kwa hiyo siku walipomrudisha Évode kutoka kituo cha afya, gari liliwaacha juu barabarani, mbele ya duka la mitungi ya gesi, na wanaume wanne wa depo ya magunia anakofanya kazi wakamteremsha juu ya ubao wa mlango. Mlango wenyewe waliung'oa kwenye choo cha depo. Walipokuwa wanamfunga kamba ili asiteleze, Évode, amelalia tumbo na shavu limeminywa kwenye mbao, aliuliza waliobaki kazini leo watajisitiri na nini. Wenzake wakacheka. Mkewe Daphrose, aliyekuwa nyuma yao na viatu vya mumewe mkononi, hakucheka.

Majirani walitoka kutazama, na nani angewalaumu? Mtu kubebwa juu ya mlango saa nane mchana si kitu cha kuona kila siku. Mama yake Évode, bibi Mukashema, alikuwa kizingitini anachambua maharage. Aliweka ungo chini taratibu.

"Mmeniletea maiti?"

"Hapana mama, iko muzima kabisa," akasema Valens, mkubwa wa wapakizi, huku jasho linamtoka. "Iko mugongo tu."

"Mgongo tu," Mukashema akarudia. "Sijui huyo wenu aliyekuwa na migongo miwili ni nani."

Walimlaza chumbani, wakapewa maji, wakaondoka na mlango wao. Daphrose akamweleza mama mkwe yale aliyoambiwa na muuguzi. Kuna mshipa umebanwa kiunoni, ndiyo maana mguu wa kushoto umelala. Apelekwe hospitali kubwa apigwe picha, na huenda akapasuliwa. Asikae siku nyingi, kwa sababu mshipa ukizoea kubanwa, mguu hauamki tena. Kadi yao ya bima ya kawaida haiwezi mzigo huo. Ajali ya kazini hulipiwa na bima ya kazini, lakini kwanza depo yenyewe iandike karatasi kwamba mtu wake ameumia akiwa kazini.

"Si wewe uko ofisini?" akasema Mukashema. "Basi karatasi si unaiandika wewe mwenyewe?"

"Anaiandika bosi, Arnaud, mama. Kesho. Hawezi kukataa."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akaingia chumbani kumfunika mumewe, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumuuliza, kama mke yeyote angeuliza, ilikuwaje hasa.

"Nilikuwa na gunia begani," Évode akasema. "Shangazi akatetema. Nikaangalia mkononi, kaandika 'inama'. Nikainama. Akatetema tena. Inama. Nikazidi kuinama. Hapo nikasikia kitu kimeachia huku nyuma." Alifumba macho. "Amenimaliza, Shangazi wako."

Daphrose alibaki na blanketi mkononi.

Shangazi ndilo jina ambalo wapakizi waliupa ule mkanda mpya. Unaufunga kiunoni, una kidude mgongoni kinachojua mgongo umekaaje, na saa ndogo mkononi. Ukibeba mzigo vibaya, kinatetema na saa inakuandikia neno. Na kwa kuwa kilikuwa hakichoki kumkosoa mtu, jinsi alivyokaa, jinsi alivyosimama, wakasema huyu ni shangazi, amekuja kukaa na hana siku ya kuondoka. Maneno yake yaliletwa kwa Kinyarwanda. Arnaud, msimamizi wa depo, akasema wapo wasiosoma Kinyarwanda vizuri, nani anajua Kiswahili hapa? Daphrose akainua mkono. Mtoto wa Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, Kiswahili kitamshinda? Aliyatafsiri yote kwa siku moja. Wakampongeza, wakamtoa kwenye kibanda cha mizani wakampa meza ofisini na kiti cha kuzunguka.

Sasa, kila onyo kwenye ile orodha ya Kinyarwanda lilianza na neno moja, *inama*. Kwa Kinyarwanda inama ni ushauri. Inama, usipinde mgongo. Inama, piga goti kwanza. Na Daphrose, ambaye kichwani mwake lugha hizo mbili hulala kitanda kimoja, alitafsiri yaliyofuata na neno la kwanza akalipita. Aliliona, akalielewa, akaliacha lilivyo. Saa ya mkononi ni ndogo, inaonyesha neno moja kwanza. Yaliyobaki mpaka ubonyeze. Nani atabonyeza saa na gunia begani?

"Hukubonyeza uone mbele?" aliuliza.

"Kwa mkono upi?"

Alimfunika mumewe mpaka shingoni, akatoka nje kumwaga maji ambayo hayakuhitaji kumwagwa. Nitamwambia Arnaud kesho, akajisemea. Nitamwambia asubuhi kabla hajanywa kahawa yake. Mukashema alimuuliza anahangaika na nini, akajibu hakuna kitu, mama, ni mawazo tu.

Asubuhi Arnaud alikunywa kahawa yake na Daphrose hakusema kitu.

*

Walimwita Évode ofisini kusikilizwa. Teksi ikamfikisha getini, Valens akamshika bega, wakapanda ngazi moja moja mbele ya wapakizi wote waliosimama na magunia yao kutazama.

Arnaud hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa kijana wa watu wa Nyarutarama, kwa matajiri, amekulia Ubelgiji, amesomea usalama wa kazini, na ile mikanda aliileta kwa nia njema kabisa. Ila Kiswahili alikuwa hajui hata salamu. Utaratibu wa depo ulisema mfanyakazi asikilizwe kwa lugha anayoichagua mwenyewe, na Évode akachagua Kiswahili. Kinyarwanda alikizungumza, lakini chake kilikuwa cha wale waliozaliwa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na kurudishwa wakiwa watu wazima. Wenzake walikuwa wakikicheka, na siku hiyo hakutaka kuchekwa. Mkalimani wa Kiswahili pale depo alikuwa mmoja tu. Basi Daphrose akakaa katikati, kwenye kiti chake cha kuzunguka, mume kushoto na bosi kulia.

"Mwambie akae," akasema Arnaud.

"Hawezi," Daphrose akasema. "Akikaa mguu unakufa ganzi."

"Basi mwambie asiegemee ukuta. Tumepaka rangi juzi."

Daphrose akatafsiri. Évode akatoa bega lake ukutani, akashika mgongo wa kiti cha mkewe badala yake. Kwa kuwa kiti kile kilikuwa na magurudumu, ilibidi Daphrose akanyage chini kwa nguvu muda wote ili mumewe asianguke.

Arnaud aligeuza kompyuta yake wote waone. Kulikuwa na mstari mwekundu unaopanda na kushuka. "Huu ni mgongo wake," akasema. "Hapa mkanda umemwonya. Mtu wa kawaida akionywa ananyooka. Yeye, tazama, anashuka zaidi. Hapa tena. Hapa tena. Siku ya kuumia, mkanda umemwonya mara mbili na mara zote mbili amezidi kuinama akiwa na mzigo. Mimi nitawaandikia nini watu wa bima? Wataniambia huyu amejiumiza makusudi apate kulipwa. Na kwa kweli hata mimi sioni maelezo mengine."

Daphrose alitafsiri yote, mpaka makusudi, mpaka kulipwa. Aliyasema akitazama vifungo vya shati la mumewe.

"Mwambie mkanda ndio ulioniambia niiname," akasema Évode.

Hapa ndipo pa kusema. Alijua ni hapa. Angesema bosi, kosa ni langu, neno hili kwa Kiswahili ni amri ya kupinda mgongo, na mambo yangekwisha kabla ya chai. Lakini aliona meza yake, akaona wanamrudisha kwenye mizani, hapana, hawamrudishi hata huko, wanamtoa nje ya geti. Nani ataleta chakula nyumbani ikiwa wote wawili wako nje? Hivyo ndivyo alivyojitetea moyoni. Ukweli mwingine ni kwamba aliona haya. Alikuwa amewaambia watu wote kwamba Kiswahili chake ni cha kwao kabisa.

"Anasema aliusikia mkanda," akatafsiri.

"Aliusikia!" Arnaud akafungua mikono. "Kama aliusikia, kwa nini hakufuata *inama* aliyopewa?"

Alisema kwa Kinyarwanda, lakini neno lilitoka peke yake, limesimama wazi, na Évode akainua kichwa. Neno hilo alilijua. Kila mwezi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mkuu wa mtaa huwaita watu kwenye inama, yaani mkutano, na Évode huenda akakaa nyuma. Kwenye redio daktari hutoa inama kila asubuhi. Évode alitazama ule mstari mwekundu. Akatazama kifundo cha mkono wake ambako saa ilikuwa imeacha alama. Halafu akamtazama mkewe, na Daphrose akatazama kibodi.

"Nimrudie swali?" akauliza Arnaud.

"Hapana," Évode akajibu mwenyewe, kwa kile Kinyarwanda chake cha kuchekwa. "Nimeelewa. Sina la kusema."

"Ana haki ya kujitetea."

"Anasema hana la kusema," Daphrose akatafsiri, Kinyarwanda kwa Kinyarwanda, na hakuna aliyemwambia kwamba hakukuwa na haja.

Karatasi haikuandikwa. Arnaud alisema atalifikiria mpaka mwisho wa wiki, ila wasitegemee, na kwa sasa Évode asionekane depo. Évode alishuka ngazi kwa makalio, moja moja, kwa sababu kushuka kulimuuma kuliko kupanda. Mpakizi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, huyu ndiye aliyetaka kupumzika kwa pesa za serikali. Daphrose aliyasikia akiwa dirishani.

*

Siku zilizofuata Daphrose alikuwa mke mwema kupita kiasi. Alimpikia mumewe samaki. Alimnunulia mto mpya. Alimsugua mgongo kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni, na mikono ilipomuuma aliendelea. Évode alisema asante kwa kila kitu, na kila asante ilimchoma. Juu ya neno lile Évode hakusema kitu, wala Daphrose hakuuliza. Mara aliamini mumewe hakuelewa. Mara aliamini ameelewa yote na anangoja. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

Mukashema yeye hakukaa kimya. "Ulizaliwa na nani wewe?" alimsema mwanawe kupitia pazia la mlango. "Mimi nilizaa mtoto anayebishana. Karagwe ulibishana na mwalimu mpaka akalia. Leo mtu anakuita mwizi, unamwambia sina la kusema? Mtaani wanasema unajifanya. Nimekwenda kununua chumvi, muuza duka ananiuliza eti mgonjwa wa bima anaendeleaje."

"Mama, waache waseme."

"Na wewe, Mama Ingrid?" akamgeukia Daphrose. "Ulikuwepo pale. Ulishindwa kumsemea?"

"Nilitafsiri tu, mama," akasema Daphrose.

"Ehe. Ulitafsiri tu."

Siku moja alikuja Nsimire kumpa mgonjwa pole. Huyu ni mwanamke wa Bukavu, mpakizi mwenzake Évode upande wa maharage, anayeishi mtaa wa Gitega, hapa hapa mjini, na wanawe. Alileta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli lenye kitambaa. Alipofika mlangoni alisimama kwanza, mkono kiunoni, akashusha pumzi, halafu akakaa taratibu sana, nusu ya kiti. Daphrose akadhani ni ule mlima wa Nyakabanda. Hata alimtania.

"Mnazeeka huko Gitega. Mlima kidogo tu, hoi."

"Tunazeeka, Mama Ingrid," akasema Nsimire. "Mwili haukuwake tena ule wa zamani."

Wakazungumza habari za watoto. Nsimire alipoondoka, Daphrose alimrudishia bakuli likiwa na mayai, kwa sababu bakuli la mtu halirudi tupu, akamsindikiza mpaka barabarani. Nsimire alitembea polepole. Daphrose naye alikuwa na mawazo yake, na mtu mwenye mawazo yake haoni ya mwenzake.

Ilikuwa Jumamosi jioni, jua bado lipo, alipomwekea mumewe maji ya kuoga. Alizoea kumkalisha kwenye stuli uani, kumwosha miguu kwanza, halafu mengine. Alimimina maji kutoka kwenye sufuria, akageuka kuchukua ya baridi ya kuchanganyia, na Évode, ili amsaidie, akashika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili akauweka kwenye beseni.

"Subiri kidogo, bado sijachang—" Daphrose akatia mkono majini kuutoa mguu, akaurudisha mkono haraka na vidole vimeungua.

Évode alikuwa amekaa tu. Anamtazama jirani anayeanika nguo upande wa pili wa ua. Mguu wake uko ndani ya maji yanayotoa moshi na uso wake umetulia.

"Nini?" akauliza.

Daphrose aliutoa mguu ule kwa nguvu, beseni likapinduka. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Évode aliutazama mguu wake kwa muda mrefu. Akaugusa kwa kidole, akabonyeza, akabonyeza tena juu yake kidogo, mpaka alipofika karibu na goti ndipo akasema, "Hapa ndio nasikia."

Daphrose alikaa chini kwenye tope la maji ya moto, akalia. Hakulia kwa sauti. Mukashema alikuwa kanisani na wanakwaya wenzake, mjukuu wake Ingrid amemfuata, kwa hiyo walikuwa wawili tu.

"Ni mimi," akasema. "Lile neno ni mimi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu aliposema inama yule kijana. Pale pale." Évode alikuwa bado anabonyeza mguu. "Nilitaka kucheka, unajua? Nikasema, huyu mwanamke ameniua kwa Kinyarwanda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mke wangu, huyu hapa anayenitafsiria, mfukuzeni? Ulikuwa umekanyaga kile kiti nisianguke. Nikafikiri atasema mwenyewe. Nikakungoja. Nikakungoja na nyumbani."

Daphrose alivuta yale maji ya baridi, akaumwagia ule mguu.

"Na nikwambie jambo," akaendelea Évode, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Lile neno lilinishangaza tangu siku ya kwanza. Mimi nimebeba mizigo tangu nikiwa kijana, najua hauinami na gunia begani. Lingekuwa neno la Arnaud ningelibishia. Lakini nilijua maneno yale umeandika wewe. Nikasema mke wangu amekaa na wataalamu, anajua kitu nisichokijua. Ndiyo maana nikawa natii."

*

Jumatatu Daphrose alifika depo mapema, wapakizi wakiwa uani wanafunga mikanda, wanataniana na Shangazi zao. Alipita katikati yao bila salamu na kuingia kwa Arnaud bila kugonga.

Alimwambia yote. Alianza vizuri, akachanganyikiwa katikati, akarudi mwanzo. Arnaud alimsikiliza na kikombe mkononi.

"Sielewi," akasema. "Inama ni inama."

"Kwa Kinyarwanda. Kwa Kiswahili ni hivi." Na Daphrose, na sketi yake ya ofisi, akapinda mgongo mbele ya meza ya bosi wake mpaka vidole vikagusa sakafu. "Hivi ndivyo mkanda ulikuwa unamwambia afanye. Na mimi siku ile alipokwambia, sikukutafsiria. Nilikudanganya."

Arnaud aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa ushahidi. Alifungua mlango akamwambia Valens amlete mtu yeyote mwenye mkanda wa Kiswahili. Mbali na Évode walikuwa wachache mno, na aliyekuwa karibu alikuwa Nsimire. Akaja na gunia dogo la maharage kama alivyoambiwa, mkanda kiunoni, anauliza kwa macho amekosa nini.

"Mwambie abebe kama kawaida yake," akasema Arnaud. "Usimwambie kitu kingine."

Daphrose akamwambia. Nsimire akaweka gunia begani. Alipogeuka kidogo mkanda ukatetema, wote watatu wakausikia. Nsimire akatazama saa yake, akainama. Mkanda ukatetema tena. Akatazama, akazidi kuinama, gunia limemlemea shingoni, meno ameyauma. Akabaki hivyo hivyo, amepinda, anangoja. Mkanda ukatetema mara ya tatu, na Nsimire akageuza uso kutoka chini ya gunia, kwa adabu kabisa.

"Niiname tena, bosi?"

Arnaud hakuhitaji mkalimani. Aliruka akalitoa gunia yeye mwenyewe, akaligongesha kwenye meza, kahawa ikamwagika. Halafu akakaa kwenye kompyuta, akatafuta, na mstari mwingine mwekundu ukatokea, mgongo wa Nsimire, unaoshuka pale pale ambapo wa Évode ulikuwa unashuka, siku kwa siku, mpaka siku ya mwisho ya kazi. Alikuwa hajawahi kuufungua. Hakuna aliyemlalamikia.

"Muulize kama anaumwa."

"Kiuno kinaniumaka," akasema Nsimire. "Usiku silalake. Ile saa inasemaka inama, na mi ninainama. Inakataa, ninainama tena. Nikasema labda mi siinamake muzuri."

Daphrose alitafsiri kila neno lilivyo. Alikuwa amekaa nyumbani siku zote zile akihesabu hofu zake, meza yake, aibu yake, mguu wa mumewe, na hakuwaza hata mara moja kwamba mikanda ilikuwa bado inafungwa kila asubuhi.

Arnaud alikuwa ameshavuta karatasi yenye nembo ya depo. Aliandika haraka, akagonga muhuri. "Hii ya mume wako, apelekwe leo," akasema. "Kwenye sababu naweka hitilafu ya mashine. Inatosha. Maneno nitayarekebisha kimya kimya, na wewe utaendelea na kazi yako. Tumeelewana?"

Ilikuwa huruma, na Daphrose aliitamani. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, mguu wa Évode ulikuwa ndani ya karatasi ile, na hakuna aliyemdai zaidi. Alikuwa ameshasema asante nusu.

"Kunatokea nini?" Nsimire akauliza. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ubavu wa meza, bila kuomba ruhusa. "Mama Ingrid, ile neno ilikuwa mubaya?"

"Ilikuwa mbaya. Niliikosea mimi."

"Njo ile ilimuvunja Évode?"

"Ndiyo."

Nsimire alifikiri. "Na wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Nsimire angemwamini, alikuwa mtu wa kuamini.

"Siku ile ile walipomleta nyumbani," akasema Daphrose. "Hata ulipokuja na sombe, nilikuwa najua."

Nsimire akasema, "Ehe," basi.

Daphrose akairudisha karatasi mezani. "Bosi, futa mashine. Andika tafsiri mbovu. Halafu uandike na ya pili."

"Ya pili ya nani?"

"Ya huyu. Naye apigwe picha."

"Nikiandika tafsiri wataniuliza ya nani. Itabidi niweke jina."

"Liweke."

Alimtajia, herufi kwa herufi, Daphrose Nyirarukundo, ingawa Arnaud alikuwa akilijua na kuliandika kila mwezi. Muhuri ukagongwa mara mbili. Nje wapakizi walikuwa wanaitana, Valens anapiga kelele watu wavue mikanda, wote, ya Kiswahili na isiyo ya Kiswahili. Daphrose alichukua karatasi zote mbili, akamwinamia Nsimire na kumnyooshea mkono amwinue.

Nsimire aliutazama ule mkono. Kisha akashika ukingo wa meza, akainuka mwenyewe, polepole, na akachukua karatasi yake.